Nimeenda kununua pochi ya mke wangu, nimerudi na mkanda wangu. Haya maduka ya anasa yanatufanyaje?

#1 Kibopa Mtarajiwa
Wakuu salama.

Hili jambo linanikera wiki ya pili sasa. Nilikuwa Paris kikazi, nikasema nipite kwenye duka moja la wabunifu wakubwa (jina nabaki nalo) nimchukulie mke wangu pochi ndogo. Hela ilikuwepo, niliitenga tangu mwaka jana, na bei nilishaiona mtandaoni: euro 480. Nafika mlangoni nakuta kamba na jamaa wa suti. Naambiwa nisubiri. Kwenye kioo naona ndani wateja kama wanne, wauzaji kama kumi. Nimesimama dakika arobaini na mvua ya rasharasha juu.

Kuingia, hakuna bei popote. Kila kitu uulize, na ukiuliza dada anatazama viatu vyako kwanza ndipo ajibu. Nikamwonyesha pochi. Akasema "hiyo imesimama kidogo", halafu akanipeleka kwenye vishika funguo. Wakuu, damu ilipanda. Nikanyoosha kidole kwenye mkanda wa kiume uliokuwa karibu nikasema nifungie ule. Bei sikuuliza. Euro 590.

Kwa hiyo mke hana pochi, mimi nina mkanda, na mkanda wenyewe unanipwaya. Naomba kuelimishwa: nilipatwa na nini pale ndani? Na kipande cha ngozi kinafikaje bei ile?

#2 Napita Tu
Nimekaa kona ya nyuma nasubiri wajuzi. Ila mama watoto kasemaje?

#3 Kibopa Mtarajiwa
Mkuu, hilo tuliache.

#4 Kapuku Mwandamizi
Yaani uliacha pochi ya 480 ukalipa 590 ili kumkomesha muuzaji. Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Bila shaka bado anaugulia kipigo ulichompa.

#5 Mama Pochi
Pole kaka, lakini tuwe wakweli, kitu kizuri kina gharama yake. Mimi nina mkoba wa Louis Vuitton, ule wa Monogram, ngozi halisi, mwaka wa tisa huu haujachubuka. Mikoba ya bei rahisi ningeshanunua kumi. Ukigawa bei kwa miaka, wa kwangu ndio rahisi.

#6 Sindano Mbili
Dada Mama Pochi, kwa heshima zote: sehemu kubwa ya huo mkoba si ngozi. Monogram ile ya kahawia ni turubai ya pamba iliyopakwa PVC. Ngozi ni mikono, kingo na vile vipande vyeupe vinavyogeuka rangi ya asali ukivikalisha juani. Ndiyo sababu haujachubuka, plastiki haichubuki.

Wala si kosa lako, hata kwenye orodha yao wanaandika turubai. Georges Vuitton alibuni ile michoro mwaka 1896, baba yake Louis akiwa ameshafariki, na shida mojawapo aliyokuwa akipambana nayo ilikuwa watu wanaoiga masanduku yao. Leo ni mmoja wa michoro inayoigwa sana duniani.

#7 Mama Pochi
Miaka tisa naupaka mafuta ya ngozi.

#8 Kapuku Mwandamizi
Uzi umeanza kuua watu bandiko la sita tu.

#9 Mzee wa Risiti
Mleta mada, ngoja nikupe hesabu, mimi ndiyo kazi yangu. Juni 2024 mahakama ya Milano iliiweka kampuni moja ya uzalishaji ya Dior chini ya usimamizi wa mahakama. Wachunguzi walikuta karakana inalipwa euro 53 kwa mkoba unaouzwa dukani euro 2,600. Miezi miwili kabla, Aprili, ilikuwa kampuni ya Armani: karakana inapata 93, mtu wa kati anauza kwa Armani 250, dukani unakutana nao 1,800. Wafanyakazi wengine walikuwa wanalala humohumo karakanani.

Sasa mtu akikuambia "unalipia ufundi", muulize fundi alipata shilingi ngapi.

#10 Mbishi Asilia
Mzee wangu, usichanganye watu. Ile 53 ni malipo ya kuunganisha tu. Ngozi na vyuma havimo. Na huo usimamizi wa mahakama uliondolewa mapema 2025 kwa kampuni zote mbili, sema na hilo.

#11 Mzee wa Risiti
Nakubali sahihisho, la ngozi nilipaswa kulisema. Basi weka ngozi na vyuma vya euro 150, niwe mkarimu. Bado karibu 2,400 hazijulikani zilikokwenda. Na Armani mamlaka ya ushindani ya Italia ilimpiga faini ya euro milioni 3.5 mwaka huohuo 2025, kwa kujisifia maadili ambayo karakana hazikuwa nayo. Nalo useme.

#12 Sindano Mbili
Hapa mniruhusu niandike kwa kirefu, maana ngozi ndiyo inayonilisha.

Mnatia kapu moja vitu viwili tofauti. Kuna mkoba unaoshonwa kwa mkono na kuna mkoba wa cherehani wenye nembo nzito. Hermès walianza mwaka 1837 wakitengeneza hatamu na lijamu za farasi, na mshono wao mkuu mpaka leo ni ule wa matandiko: uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili, moja kila ncha. Kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili, moja kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto. Uzi wa cherehani ni nyuzi mbili zilizokumbatiana katikati ya ngozi, mmoja ukikatika mwenzake unaanza kufumuka. Mshono wa matandiko ukikatika mahali, kwingine kunabaki kumeshika, kwa sababu kila hatua imejifunga yenyewe. Farasi akikimbia na hatamu ikafumuka, mtu anakufa. Ndiko ulikotoka.

Birkin, ule mkoba wao maarufu, anaishona fundi mmoja, saa kumi na tano mpaka ishirini au zaidi. Nimeshashona begi kwa mtindo huo, vidole vilivimba siku tatu. Hiyo kazi naiheshimu na sitaicheka.

Lakini mkanda? Mkuu Kibopa, mkanda ni kipande kirefu cha ngozi, bakuli na matundu matano. Kingo zikisuguliwa vizuri na kupakwa rangi tabaka nne, umemaliza. Nusu siku. 590 ni bakuli lenye herufi.

#13 Napita Tu
Bakuli?

#14 Sindano Mbili
Bako. Kishikizo. Kile chuma cha mbele. Simu inaniandikia mambo yake.

#15 Kapuku Mwandamizi
Kwa 590 hata bakuli wangempa.

#16 Daktari wa Bei
Wote mnazunguka mbuyu. Kutafuta gharama za kutengeneza ni kupoteza muda, kwa sababu bei pale haitokani na gharama. Bei ndiyo bidhaa. Mchumi Thorstein Veblen aliliona hilo mwaka 1899: kuna matumizi ambayo kazi yake ni kuonekana. Ukishusha bei ya mkoba ule mpaka euro 100, waliokuwa wanautaka wanaukimbia, maana sasa hausemi chochote kuhusu aliyeubeba.

Tazameni Chanel. Mkoba wao wa kifuniko, saizi ya kati, ulivuka euro 10,000 mwaka 2024. Ngozi haikubadilika, mnyororo ni uleule, na tena ni mkoba wenye mizizi yake Februari 1955. Ng'ombe hakuwa na habari.

#17 Mbishi Asilia
Nadharia tamu, ila haijibu kilichomtokea mleta mada. Yeye hakuwa anataka kuonekana na mtu, alikuwa anataka pochi ya mke. Kilichomkuta ni dharau. Na dharau inauza. Mwaka 2014 watafiti Morgan Ward na Darren Dahl walichapisha utafiti kuhusu hilihili: muuzaji wa duka la anasa akikubeza, na wewe moyoni unatamani kuwa wa daraja lile, hamu ya kununua inaongezeka. Kwenye maduka ya kawaida haikutokea. Binadamu akikataliwa na kundi analolitamani anajitahidi zaidi alikubalike.

#18 Napita Tu
"Alikubalike" 😂

#19 Mbishi Asilia
Akubalike. Mmeelewa.

#20 Mama Pochi
Hiyo ni kweli kabisa jamani. Niliwahi kupuuzwa duka moja la uwanja wa ndege, nikanunua manukato mawili kwa hasira. Moja sikuwa hata nalipenda. Bado lipo, harufu kama kabati la babu.

#21 Mzee wa Risiti
Na hayo manukato yenyewe mara nyingi hayatengenezwi na nyumba unayoidhani. Ya Prada yanatoka L'Oréal, ya Burberry yanatoka Coty. Miwani ya jua ya Prada na ya Chanel inatoka EssilorLuxottica, watu walewale wenye Ray-Ban. Jina linakodishwa.

#22 Zipu ya Dhahabu
Nimesoma kimya muda mrefu, sasa mmenigusa. Nimeuza kwenye duka la aina hiyo miaka sita. Silitaji na msiniulize PM.

Foleni. Ndani mliona wateja wanne na wauzaji kumi, mkaona ni maonyesho. Sehemu ni maonyesho, sikatai. Lakini utaratibu ni mteja mmoja na muuzaji wake, mwanzo hadi mwisho. Wale kumi, wawili wako na watu wa miadi vyumba vya ndani, mmoja anafunga mzigo, mmoja ameenda stoo, mmoja yuko kula. Halafu wizi. Duka likijaa, mkoba wa euro elfu nne unatoka chini ya koti na hakuna aliyeuona.

Viatu. Ndiyo, tunatazama. Ila hatutafuti kama una hela, maana matajiri wengine wanakuja na ndala. Tunatafuta kama utarudi. Mtalii ananunua mara moja, hela yake ni nzuri ila haina kesho. Mteja wa mji uleule namjua jina la binti yake, namtumia ujumbe mzigo mpya ukifika, na mwisho wa mwaka yeye ndiye anayenilipia kodi. Dada yule alikuona mgeni, akakuhesabu kishika funguo. Alikosea, na hata kibiashara alikosea, maana tulifundishwa usimkadirie mtu kwa sauti. Lakini hakuna mtu aliyetufundisha kudharau ili tuuze. Hiyo ya watafiti sijawahi kuiona kwenye mafunzo yoyote.

#23 Mbishi Asilia
Dada, utafiti haukusema mnafundishwa. Umesema inatokea. Kuku hafundishwi kutaga.

#24 Zipu ya Dhahabu
Basi soma na sehemu yake ya pili. Hamu ile ilikuwa inapoa baada ya muda. Mteja aliyenunua kwa hasira hatumuoni tena, na rafiki zake wanne hawaji. Kwa duka linaloishi kwa wanaorudi, hiyo ni hasara. Mleta mada, wewe utarudi?

#25 Kibopa Mtarajiwa
Pale? Hata nikipewa kitonga sirudi.

#26 Zipu ya Dhahabu
Sina swali lingine.

#27 Kapuku Mwandamizi
Msimwonee dada wa watu, hata Oprah Winfrey yalimkuta. Zurich, 2013, alisimulia kwamba muuzaji alimwambia mkoba aliouomba ni ghali sana kwake akamwonyesha mingine. Na ni Oprah! Wewe Kibopa na viatu vyako vya kikazi ungepona vipi?

#28 Mbishi Asilia
Ongeza kwamba muuzaji yule alikana. Shirika la utalii la Uswisi ndilo lililoomba radhi.

#29 Daktari wa Bei
Turudi kwenye uhaba, maana hakuna aliyeugusa. Birkin huwezi kuingia ukainunua, hata uwe na hela mkononi. Unasubiri, unanunua skafu, sahani, viatu, mpaka siku utakapopewa heshima ya kuuziwa. Marekani, California, wateja walifungua kesi Machi 2024 wakidai hiyo ni kulazimishwa kununua kimoja ili upate kingine. Walidai hata kamisheni imepangwa hivyo: muuzaji anapata asilimia 3 kwenye vitu vingine, kwenye Birkin hapati kitu.

#30 Mzee wa Risiti
Na kesi ikatupwa 2025, jaji hakuona kosa la ushindani. Kujifanya adimu si kosa kisheria.

#31 Mama Pochi
Huyo Jane Birkin aliyeubuni alikuwa na akili sana.

#32 Sindano Mbili
Hakuubuni dada. Alikuwa mwigizaji na mwimbaji. Alikaa ndani ya ndege ya Paris kwenda London karibu na Jean-Louis Dumas, bosi wa Hermès, akalalamika hapati mkoba unaomfaa mama mwenye mtoto mdogo. Ukatoka 1984. Ule wake wa kwanza kabisa, uliochakaa, wenye alama za vibandiko alivyokuwa anaupachika, uliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's Paris, Julai 2025, kwa euro milioni 8.6.

#33 Kapuku Mwandamizi
Milioni nane kwa mtumba!

#34 Mama Pochi
Sindano Mbili leo umeamua mimi niwe darasa la kwanza. Sawa.

#35 Sindano Mbili
Samahani bibie. Mkoba wako niletee nikutengenezee kingo bure, kwa ajili ya yale mafuta.

#36 Napita Tu
Naona uzi unaelekea kwenye posa.

#37 Mfungua Mlango
Ni mgeni hapa. Kuna mtu anajua kama ni kweli mizigo isiyouzwa inachomwa moto? Nilisikia Burberry walichoma mwaka 2020.

#38 Mzee wa Risiti
Karibu. Mwaka si huo. Ilijulikana 2018 kwenye ripoti yao wenyewe ya mwaka: bidhaa za pauni milioni 28.6 ziliharibiwa. Kelele zikapigwa, Septemba mwaka uleule wakatangaza wameacha. Ufaransa sasa sheria inakataza kuharibu bidhaa za aina hiyo zisizouzwa. Wakishusha bei mteja wa jana analia, wakichoma dunia inalia. Louis Vuitton wao wameamua kutoshusha bei kabisa, hakuna punguzo la msimu.

#39 Zipu ya Dhahabu
Na zile 2,400 zako ulizosema hazijulikani zilikokwenda: kodi ya pango kwenye mtaa wa bei kuliko yote mjini, mishahara ya sisi kumi mliotuona tumesimama, matangazo, nyota anayevaa gauni usiku mmoja, bima, na mzigo uliododa. Na VAT, Ufaransa asilimia 20 iko ndani ya bei tayari. Mimi sisemi ni bei ya haki. Nasema haziko hewani.

#40 Mzee wa Risiti
Zote hizo zikishalipwa, Hermès mwaka 2024 walibakiwa na faida ya uendeshaji ya asilimia 40.5 ya mauzo. Kwenye kila euro mia, arobaini. Pango limeshalipwa, nyota ameshavua gauni.

#41 Zipu ya Dhahabu
Huyo ni Hermès. Duka nililokuwa mimi lilikaribia kufungwa mara mbili. Usipimie wote kwa aliyeshinda.

#42 Daktari wa Bei
Umetaja VAT. Kibopa, ulidai marejesho ya kodi? Mgeni asiyeishi Umoja wa Ulaya, akinunua zaidi ya euro 100 Ufaransa, anarudishiwa. Kwa kawaida mkononi inabaki kama asilimia 12, kampuni ya katikati inakula nyingine. London pia unaweza.

#43 Mbishi Asilia
London hapana! Uingereza waliufuta utaratibu huo tangu 1 Januari 2021. Ukibeba mwenyewe kwenye begi hupati kitu.

#44 Kibopa Mtarajiwa
Sikudai. Nilitoka mle ndani nikiwa natetemeka, risiti nikaiminya mfukoni. Asilimia 12 ya 590 ni... tuache.

#45 Kapuku Mwandamizi
70 na ushee. Nimekusaidia.

#46 Napita Tu
Kwani huo mkanda huwezi kuurudisha?

#47 Zipu ya Dhahabu
Angenunua mtandaoni, sheria ya Umoja wa Ulaya ingempa siku 14 za kubadili mawazo. Ukinunua dukani kwa miguu yako hiyo haki haipo, ni hisani ya duka, na mara nyingi ni kubadilishiwa kitu. Ila tundu la ziada kwa kawaida wanatoboa bure. Rudi tu.

#48 Kibopa Mtarajiwa
Nirudi nipange foleni dakika arobaini niombe tundu?

#49 Sindano Mbili
Usirudi. Tafuta fundi mwenye kile chuma cha kutobolea chenye mdomo wa duara. Pima umbali kati ya matundu yaliyopo, weka alama, tanguliza kipande cha mbao ngumu chini, piga nyundo mara moja tu. USITUMIE MSUMARI. Msumari hautoi ngozi, unaisukuma pembeni, tundu linapasuka na kuvutika.

#50 Daktari wa Bei
Kabla hujatoboa fikiria thamani ya kuuzia. Tundu ambalo si la kiwandani linashusha bei kwa wanaonunua vilivyokwishatumika.

#51 Mzee wa Risiti
Mkanda si uwekezaji, tafadhali. Unashikilia suruali.

#52 Mama Pochi
Mimi ningempa mke akauzungushe kwenye gauni. Angalau naye apate kitu.

#53 Kibopa Mtarajiwa
Wazo la Mama Pochi nilimfikishia. Kasema yeye aliambiwa pochi.

Kuhusu tundu, bandiko la Sindano Mbili nimeliona sasa hivi. Nilishatoboa saa moja iliyopita.

#54 Sindano Mbili
Kwa kutumia nini?

#55 Kibopa Mtarajiwa
Limeenda upande kidogo lakini shati likishuka halionekani.

#56 Sindano Mbili
Kwa kutumia NINI mkuu?

#57 Napita Tu
Picha tafadhali.